Merikebu Iliyojitia Kifungoni Katika Bahari ya Barafu

Mahali tunapotaka kuwapeleka wasomaji wetu mwezi huu si nchi kavu, wala si bahari kama hii tuijuayo sisi watu wa pwani. Ni maji yenye kina cha zaidi ya mita 4,000, na juu ya maji hayo pametanda ngozi ya barafu ambayo mahali pengi haizidi kimo cha mtu. Ngozi hiyo haitulii. Usiku na mchana yasukumwa na upepo na mikondo. Yapasuka, yagongana, vipande vyake vyapandiana na kufanya vilima, kisha baridi yaviunga tena. Hapana mti wala jiwe. Mtu akisimika bendera leo penye Ncha ya Kaskazini ya dunia, kesho bendera hiyo itakuwa imekwisha kuchukuliwa mahali pengine, pamoja na mwenyewe aliyeisimika ikiwa bado amesimama kando yake.

Na jua huko lina ada nyingine. Penye ncha yenyewe huchomoza mara moja kwa mwaka, katika mwezi wa Machi, na huchwa mara moja, katika mwezi wa Septemba. Sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa Ikweta, ambao wakati wa Magharibi kwetu haupishani hata kwa saa nzima toka mwanzo wa mwaka mpaka mwisho wake, hatuwezi kuyaelewa mambo haya ila kwa kuyafikiri sana. Mwenye kutaka kujua wakati huko lazima aulize saa yake, kwani urefu wa kivuli chake haumwambii neno.

Habari za nchi hizo ziliwafikia Waislamu zamani. Mwaka 309 wa Hijra, yaani 921, Khalifa Al-Muqtadir wa Baghdad alipeleka ujumbe kwa mfalme wa Bulghar, katika bonde la mto Volga, ambaye alikuwa ametaka watu wake wafundishwe dini. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Ahmad ibn Fadlan, na yeye ndiye aliyeandika habari za safari ile. Alifika Bulghar mwezi wa Mei 922, akaona ajabu ambazo hakuzizoea. Usiku mmoja aliona mbinguni mawingu mekundu kama moto, na ndani yake sura kama za watu na farasi wakipigana. Hapana shaka ile ilikuwa mianga ya kaskazini, ambayo wanasayansi wa leo watuambia kuwa hutokana na chembe zitokazo katika jua na kuipiga hewa ya juu. Usiku mwingine aliingia hemani pamoja na mshona nguo mmoja wa Baghdad, wakakaa wakizungumza huku wakingojea adhana ya Isha. Hawakuzungumza sana, mara wakasikia adhana. Wakatoka nje, kumbe ni alfajiri. Mwadhini akawaambia kuwa wao huswali Isha pamoja na Magharibi, na kwamba yeye mwenyewe kwa muda wa mwezi mzima hakuwa akilala usiku kwa kuogopa kupitwa na swala ya Subhi.

Na Bulghar wala haiko karibu na ncha ya dunia. Iko mbali nayo kwa karibu kilomita 3,900. Aliyetamani kwenda mbele zaidi ni Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Yeye aliandika juu ya Nchi ya Giza iliyoko mbele ya Bulghar, ambako wafanya biashara husafiri katika magari yasiyo na magurudumu yakikokotwa na mbwa juu ya barafu, huacha bidhaa zao mahali palipojulikana, na asubuhi hukuta zimewekewa ngozi za wanyama bila ya kumwona mwenye kununua. Mwenyewe hakwenda. Sababu aliyoitoa ni ya mtu ajuaye hesabu: taabu ni nyingi na faida ni kidogo. Wako wanahistoria wenye shaka hata kama alifika huko Bulghar. Lakini habari za mbwa na magari yao ni za kweli, na mpaka leo wako watu wa kaskazini wanaosafiri hivyo.

Kwa muda wa miaka mingi baada yao, watu wa Ulaya walijaribu kuipasua bahari hii kwa merikebu, na barafu ikazivunja merikebu zao kama mtu avunjavyo njugu. Mwaka 1881 merikebu ya Kimarekani iliyoitwa Jeannette ilibanwa ikazama kaskazini ya Siberia. Baada ya miaka mitatu vitu vilivyotoka katika merikebu ile vilionekana upande wa pili kabisa, katika pwani ya Greenland. Basi mtu mmoja wa Norwe, Fridtjof Nansen, alipozisikia habari hizo aliwaza hivi: kama barafu imeweza kuvichukua vitu hivyo kuvuka bahari nzima, kwa nini isiichukue na merikebu? Akaunda merikebu ya mbao iliyoitwa Fram, yenye tumbo la mviringo mfano wa kifuu cha nazi, ili barafu ikiibana iinuke juu badala ya kuvunjika. Mwezi wa Septemba 1893 aliiingiza katika barafu kwa kusudi. Haikutoka mpaka Agosti 1896. Watu wote 13 waliokwenda nayo walirudi nyumbani salama.

Nansen hakuifikia Ncha, na wako waliomcheka kwa hilo. Lakini aligundua kuwa bahari ile ni ya kina kikubwa, wakati watu walipodhani ni ya kina kidogo. Na kwamba chini ya maji baridi ya juu mna maji yenye joto zaidi yatokayo Atlantiki. Tena aliona kuwa barafu haifuati upepo sawasawa bali hupinda kidogo mkono wa kuume, jambo ambalo baadaye lilielezwa kuwa latokana na kuzunguka kwa dunia. Fram sasa imewekwa katika nyumba ya makumbusho huko Oslo, na watu huingia kuitazama.

Miaka zaidi ya 120 baadaye ilitokea safari ya namna ile yenye merikebu kubwa ya siku hizi. Merikebu yenyewe ni Polarstern ya Ujerumani, maana yake Nyota ya Kaskazini, inayoendeshwa na Taasisi ya Alfred Wegener iliyoko katika bandari ya Bremerhaven. Ilianza kazi mwezi wa Desemba 1982. Urefu wake ni mita 118; mbavu zake ni za chuma, nazo ni mbili, moja ndani ya nyingine; injini zake nne zina nguvu za farasi 20,000 hivi. Ndani yake mna vyumba vya kufanyia uchunguzi, mashine za kushushia vyombo baharini, na uwanja wa helikopta.

Watu wengi hudhani kuwa merikebu ya namna hii huikata barafu kama kisu kikatavyo mkate. Sivyo. Omo yake imefanywa kwa mteremko, hivyo injini zikiisukuma hupanda juu ya barafu kama mtu apandaye kitanda, na uzito wake wote ndio uvunjao. Vipande husukumwa chini na kando, nayo husonga mbele na kupanda tena. Barafu yenye unene wa mita moja na nusu Polarstern huivunja huku ikienda mwendo wa noti 5 hivi. Ikikuta iliyo nene zaidi, hurudi nyuma, hushika kasi na kuipiga, hurudi tena na kuipiga tena.

Hata hivyo kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ni kuzima injini na kukaa.

Sababu ni hii. Wanasayansi walikuwa na habari nyingi za bahari hii wakati wa kiangazi, ambapo merikebu zaweza kuingia. Lakini habari za katikati yake wakati wa baridi zilikuwa chache mno. Setilaiti hutazama toka juu, lakini haziwezi kupima joto la maji chini ya barafu wala kuhesabu viumbe waliomo. Na mtu awezaje kukadiria mambo ya mwaka mzima ikiwa nusu ya mwaka haijui? Na kukadiria huko si mchezo wa wasomi. Barafu ni nyeupe, hurudisha mbinguni sehemu kubwa ya mwangaza wa jua. Maji ni meusi, huumeza mwangaza huo na kupata joto. Barafu ikipungua maji huzidi kumeza joto, na joto likizidi barafu huzidi kupungua. Kwa ajili hiyo sehemu za kaskazini zimepata joto kwa haraka kuliko sehemu nyingine za dunia. Hapa tungependa kuwatoa vijana wetu katika kosa moja linalosikika mara nyingi: barafu hii ya baharini ikiyeyuka haipandishi maji ya bahari, kama kipande cha barafu katika gilasi kisivyoimwagisha gilasi kinapoyeyuka. Kinachopandisha maji ni barafu iliyoko juu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland. Lakini hiyo na hii zapatwa na joto moja.

Basi tarehe 20 Septemba 2019 Polarstern iling'oa nanga katika bandari ya Tromsø, Norwe, ikifuatana na merikebu ya Kirusi Akademik Fedorov. Safari iliitwa MOSAiC, na mkuu wake alikuwa Profesa Markus Rex, mtaalamu wa mambo ya hewa. Mataifa 20 yalishirikiana katika kazi, na watu waliokwenda kwa zamu, wanaume kwa wanawake, walikuwa mamia.

Jambo la kwanza lilikuwa kutafuta bamba la barafu la kukaa, na hili lilikuwa gumu kuliko walivyotazamia. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa na joto jingi, na mabamba waliyoyakuta yalikuwa membamba. Walitafuta kwa setilaiti, kwa helikopta na kwa miguu. Mwisho walilipata moja, karibu na digrii 85 kaskazini, lenye upana wa kilomita 2.5 kwa 3.5 hivi. Sehemu kubwa ya bamba lile ilikuwa haifiki unene wa mita moja, lakini ilikuwamo sehemu moja nene na ngumu, wakaiita ngome. Tarehe 4 Oktoba wakajifunga hapo. Jua lilikuwa likiwaaga siku zile zile, na walikuwa na haraka ya kujenga kabla ya giza kuingia.

Wakajenga kama kijiji. Hapa mahema na milingoti ya kupimia upepo na joto. Kule tundu katika barafu la kushushia vyombo mpaka chini kabisa ya bahari. Mahali pengine tundu la chombo kiogeleacho chini ya barafu bila ya mtu ndani, kikipiga picha. Mahali pengine puto kubwa lililofungwa kamba. Maputo madogo yalirushwa toka merikebuni mara kadha kila siku kupima hewa mpaka juu sana. Nyaya za umeme zilinyoshwa toka merikebuni, na njia zikawekewa bendera ili watu wasipotee. Mbali zaidi, mwendo wa makumi ya kilomita, walitega maboya yenye kupeleka habari yenyewe. Hapo kazi ikaanza, nayo ilikuwa ni kupima. Kupima leo, kupima kesho, kupima kitu kile kile, mahali pale pale, kwa muda wa mwaka. Sisi twaona kuwa ushujaa wa namna hii hauandikwi sana katika vitabu vya hadithi, kwa sababu hauna kelele.

Wenyeji wa pale hawakuchelewa kuja. Mwezi ule ule wa Oktoba dubu jike mweupe na mwanawe walifika wakainusa bendera moja ya wageni, kisha wakaenda zao. Katika mwaka ule dubu walionekana mara zaidi ya 60. Kila kundi lililotoka merikebuni lilikuwa na mlinzi mwenye bunduki na fataki za kutisha, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama giza tu. Naye dubu yuko kwake. Amri ilikuwa kumfukuza kwa sauti na moto, au kuacha kazi na kurudi merikebuni, kabla ya kufikiri jambo jingine.

Baridi ilifika nyuzi 42 chini ya sifuri, na upepo ukivuma mwili huiona kuwa ni zaidi ya hapo. Katika hali ile mtu hawezi kufunga hata skrubu moja kwa vidole vitupu. Ulimwengu wake ni duara dogo la mwangaza wa taa iliyofungwa kichwani, na nje ya duara hilo hapana kitu. Mwezi wa Novemba dhoruba ikaipasua barafu katikati ya kijiji, nyaya zikakatika, vyombo vikahamishwa kwa haraka. Walijenga upya. Ikapasuka tena baadaye, wakajenga tena.

Hapa msomaji wetu atakuwa amekwisha kujiuliza: na Mwislamu akiwa pale, ataswalije? Swali hili si la mchezo, kwani Waislamu wako katika nchi za kaskazini. Hata Tromsø, bandari walikong'olea nanga, ina Waislamu na msikiti, na jua halichomozi huko toka mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Katika mji wa Inuvik, kaskazini ya Kanada, msikiti ulijengwa Winnipeg ukachukuliwa mzima kwa gari kubwa na kwa jahazi la mtoni mwendo wa kilomita 4,000 hivi, ukawasili mwaka 2010.

Maulamaa wameliangalia jambo hili kwa hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ambapo Mtume, sala na amani ziwe juu yake, alipotaja habari za Dajjali alisema kuwa katika zama zake itakuwako siku moja yenye urefu wa mwaka. Masahaba hawakuuliza juu ya chakula wala usalama wao. Waliuliza kama swala za siku moja zitatosha katika siku hiyo. Akawajibu kuwa hazitatosha, bali wakadirie nyakati zake. Jibu lile lilitolewa katika mji wa Madina, ambako jua halikosi kuchomoza siku yoyote. Kwa jibu hilo maulamaa wamesema kuwa mahali ambapo alama za nyakati hazionekani, watu watakadiria swala zao tano katika kila saa 24. Baraza la Fiqhi la Makka lililitolea uamuzi jambo hili mwaka 1402 wa Hijra, yaani 1982, kwamba watu wa mahali kama hapo wakadirie kwa mahali pa karibu ambapo alama zaonekana. Na wako maulamaa wengine wanaoruhusu kufuata nyakati za Makka. Msafiri naye ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya.

Na uko mlango mwingine wa fiqhi ambao watoto wetu husomeshwa chuoni na pwani hii hatuutumii hata mara moja: kupaka maji juu ya khofu bila ya kuzivua, siku moja kwa mkaazi na siku tatu kwa msafiri. Tulipokuwa wadogo tukiusoma tulidhani ni wa watu wa kale. Mwenye kusimama juu ya barafu katika nyuzi 40 chini ya sifuri hatauona hivyo.

Mwisho wa Februari 2020 bamba lao lilikuwa limewachukua mpaka digrii 88 na dakika 36, kilomita 156 tu toka Ncha ya Kaskazini, na hapana merikebu iliyowahi kuchukuliwa na barafu kufika kaskazini zaidi ya hapo. Siku zile zile merikebu ya Kirusi Kapitan Dranitsyn iliwafikia kwa taabu kubwa, ikileta chakula na watu wa zamu mpya. Ilitumia mafuta mengi hata ikabidi merikebu nyingine, Admiral Makarov, ipelekwe kuipa mafuta njiani wakati wa kurudi.

Kisha ikaingia korona. Watu wa zamu ile walitakiwa kupokewa kwa ndege mwezi wa Aprili. Mipaka ikafungwa, ndege zisiruhusiwe. Wao waliokuwa mbali kuliko watu wote ndio waliokuwa salama na ugonjwa, lakini wazazi wao na watoto wao walikuwa katika miji yenye ugonjwa, na wao hawana njia. Kila mwenye mtu wake baharini aujua moyo wa namna hiyo, na hapa petu nyumba zenye mabaharia si chache. Mwisho yaliamuliwa mambo mawili ya kuchagua: kuvunja safari nzima, au Polarstern iliache bamba kwa muda, itoke mpaka karibu na visiwa vya Svalbard na kukutana na merikebu nyingine mbili za Kijerumani zenye watu waliokwisha kuwekwa karantini. Walichagua la pili. Katikati ya Mei merikebu ikaondoka, vyombo vingine vikaachwa juu ya barafu vikipima peke yake.

Mwezi ule ulikuwa Ramadhani ya mwaka 1441. Jua halikuchwa huko hata siku moja katika Ramadhani hiyo. Hapo nako hukumu ni ile ile ya kukadiria, na msafiri anayo ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Katikati ya Juni walirudi wakalikuta bamba lao. Lilikuwa limekwisha kusogea kusini, juu yake pana madimbwi ya maji ya buluu. Waliendelea kupima mpaka tarehe 30 Julai, bamba lilipokaribia bahari wazi kati ya Greenland na Svalbard na kupasuka vipande vipande. Walikuwa wamekwisha kuondoa mahema yao. Wengine wangerudi nyumbani hapo. Wao walikuwa bado hawajaona jinsi barafu inavyoanza kufunga tena, na mwaka ungekuwa na pengo. Basi wakageuza omo kaskazini. Walipita kaskazini ya Greenland, mahali ambapo zamani palikuwa na barafu nene ya miaka mingi ambayo manahodha huikwepa, wakakuta maji wazi na barafu iliyolainika. Tarehe 19 Agosti 2020 walifika Ncha ya Kaskazini yenyewe. Kwa mwenye kufurahia safari hii ni habari njema. Kwa mwenye kuijua bahari ile si njema, maana njia haikutakiwa kuwa nyepesi vile.

Penye Ncha kila upande ni kusini. Mtu akitaka kibla huko hatauliza kaskazini wala mashariki; atatafuta mstari wa digrii karibu 40 mashariki ya Greenwich, ambao juu yake umekaa mji wa Makka, na kuufuata kwa macho. Na barafu iliyo chini ya miguu yake huzunguka, hivyo kibla alichokiwekea alama jana si cha leo. Tena mstari huo huo ukiendelea kusini hupita karibu sana na Mombasa, na Zanzibar haiko mbali nao. Ndiyo sababu mihirabu ya misikiti yetu ya pwani imetazama kaskazini. Aliyesimama Mombasa na aliyesimama penye Ncha wangekuwa wametazamana, mmoja akielekea kaskazini na mwingine akielekea kusini, na Alkaaba iko katikati yao: umbali wa kilomita 2,800 hivi kwa huyu wa Mombasa, na zaidi ya 7,600 kwa huyu wa barafuni.

Walipata bamba jipya karibu na Ncha, wakakaa nalo mwezi mmoja mpaka maji yalipoanza kufunga. Tarehe 12 Oktoba 2020 Polarstern iliingia Bremerhaven, mwaka mmoja na siku chache toka kuanza safari. Walirudi na vipande zaidi ya 1,000 vya barafu na wingi wa hesabu ambao vitabu visingeweza kuuchukua. Profesa Rex alisema kuwa joto walilolipima wakati wa baridi lilikuwa likizidi kwa karibu nyuzi 10 lile alilolipima Nansen katika Fram. Kiangazi cha 2020 barafu ya bahari ile ilipungua mpaka kuwa ya pili kwa uchache toka setilaiti zilipoanza kuipima, ya kwanza ikiwa ni mwaka 2012. Juu angani, katika majira ya kuchipua ya mwaka huo, walipima upungufu wa ozoni ambao haujapata kuonekana kaskazini. Na chini ya barafu, kamera zao ziliona ngisi na samaki wa Atlantiki mahali ambapo hawakudhaniwa kuwako.

Hesabu zile zingali zikifanyiwa kazi. Mwaka 2024 ilitangazwa moja ambayo sisi imetupendeza kuliko zote. Wakati wa giza waligandisha ndani ya barafu vyombo vya kupimia mwangaza, vyepesi mno vya kuhisi. Mwishoni mwa Machi 2020, jua lilipokuwa ndiyo kwanza limechungulia, na juu ya maji pana barafu na juu ya barafu pana theluji, waliikuta mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ile iwalishayo viumbe vyote vya bahari hiyo, imekwisha kuanza kukua. Mwangaza uliokuwa ukiifikia ulikuwa mdogo sana, karibu na ule ambao wanasayansi kwa hesabu zao walisema kuwa chini yake hapana mmea uwezao kuishi.